Mwizi wa Jumatatu na Alhamisi

Mtuhumiwa alikuwa na swali moja tu, na halikuhusu kesi yake.

"Bi Mkubwa leo amekunywa dawa ya presha?"

"Hapa anayeuliza ni mimi," Inspekta alisema.

"Naelewa, afande. Lakini amekunywa?"

Inspekta hakujua. Alifungua jalada, akaliweka sawa mezani. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili mahabusu asione nje. Mtuhumiwa, mlezi wa wazee, alikuwa amefumbata mikono mapajani, mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyokauka kwa sabuni. Alikuwa ndani tangu juzi. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuingia kwa siri na kufanya uharibifu katika nyumba ya mjane aliyekuwa akimhudumia, na Mkuu wa kituo alitaka jalada limkute mezani kabla hajatoka kazini. Mkuu huyo alipenda kesi yenye mtuhumiwa mmoja na sababu moja, na hii aliipenda kupita kiasi.

Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimenyooka. Mjane huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, aliishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Kampuni ya walezi ilipandisha bei, ikapumzika kidogo, ikapandisha tena. Mwanawe, ambaye ndiye mlipaji, akapunguza siku. Jumatatu na Alhamisi zikafutwa. Wiki hiyo hiyo mwizi akaanza kuja, na akaja Jumatatu na Alhamisi. Mlango hakuuvunja. Vitu alivipindua, lakini hakuchukua hata kijiko. Wenye ufunguo wa kuingilia walikuwa wawili, mwana na mlezi. Basi mwana akaja kituoni akaeleza mwenyewe: huyu mlezi kapokonywa siku mbili, sasa anamtisha mzee wangu ili nizirudishe.

"Jumatatu mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Nafua."

"Nani alikuona?"

"Nguo."

Konstebo aliyesimama mlangoni alikohoa ili kuficha kicheko. Inspekta alimgeukia, na kikohozi kikapona papo hapo.

"Huyo mwizi unajua alifanya nini?" Inspekta aliendelea. "Siku ya kwanza alilitupa godoro chini. Siku ya pili aling'oa pazia. Siku ya tatu..."

"Pazia la chumbani au la sebuleni?"

Inspekta aliinua macho. "La sebuleni. Kwa nini unauliza?"

"La sebuleni," mlezi alirudia polepole, na uso wake ukabadilika. Haukuwa woga. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata jibu alilokuwa akilitafuta tangu juzi, na jibu lenyewe likamuuma. "Basi ni sawa. La chumbani nilikuwa nimeshalifua."

"Sawa vipi?"

"Hakuna, afande. Sijui lolote."

Kuanzia hapo kila swali lilipata jibu hilo hilo. Inspekta alibadilisha njia, akazunguka, akatokea nyuma ya swali, lakini mlezi alikuwa ameshafunga duka. Hilo lilimsumbua Inspekta. Katika miaka yake yote ya kazi, wenye hatia ndio waliomchosha masikio kwa maelezo. Huyu alinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine, na alinyamaza huku kesi ikimkalia shingoni.

Nje kwenye korido alimshika Konstebo.

"Mara zote tatu ni wewe uliyekwenda?"

"Mimi na mwenzangu, afande."

"Godoro nani alilirudisha kitandani?"

"Sisi. Tungemwacha bibi wa watu alale sakafuni?"

"Mlilirudishaje?"

"Kawaida tu. Ila alituomba tuligeuze, upande wa miguuni uje kichwani. Alisema ule mwingine umebonyea."

"Na pazia?"

Konstebo alitazama viatu vyake. "Lilikuwa na vumbi, afande. Alisema kutundika pazia chafu ni kujitafutia mafua. Tukalifua."

"Mlifua kielelezo cha kesi."

"Mwenzangu alifua. Mimi nilikamua."

Inspekta alivuta pumzi ndefu. "Nasikiliza habari za siku ya tatu, za mtungi wa gesi."

"Mwizi aliuchomoa mtungi wa gesi jikoni, akauviringisha mpaka mlangoni. Kuuinua nikakuta mtupu. Na wale wa kuleta gesi, afande, siku hizi wanatoza kwa ghorofa. Ukiwa wa tatu, ngazi unazilipia kuliko gesi yenyewe. Nikashuka na ule, nikapandisha mwingine. Hela ilikuwa yake, mimi nilitoa mgongo tu."

"Mwizi mwenyewe, bibi alimwelezaje?"

"Mara ya kwanza alikuwa mrefu. Mara ya pili mfupi, ana kofia. Mara ya tatu alimwona kisogo."

"Na wewe ukaandika yote hayo bila kushangaa."

"Nilidhani ni genge, afande."

Inspekta alimwacha pale na genge lake, akachukua mkoba.

Kulikuwa na jambo jingine ndani ya jalada ambalo Mkuu hakulipa uzito. Jirani wa ghorofa ya pili alieleza kwamba mwezi uliopita dalali wa nyumba alipanda kwa Bi Mkubwa akiongozana na mwana. Mwana naye alikuwa na ufunguo. Mzee akishaogopa nyumba yake, kumtoa ni kazi ndogo, na nyumba tupu inauzika. Inspekta aliwahi kuona watoto waliofanya mabaya zaidi ya hayo kwa vyumba vichache tu.

Alimkuta mwana kazini, juu kabisa ya jengo la ofisi, ndani ya chumba cha mitambo chenye joto na harufu ya grisi. Alikuwa fundi wa lifti, mwanamume mnene aliyenyoa kipara, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake gurudumu kubwa lilizunguka, likasimama, likazunguka tena, likivuta watu asiowaona.

"Dalali alikwenda kwa mama yako," Inspekta alisema.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nilimpeleka mimi."

"Mama alijua ni dalali?"

"Nilimwambia ni fundi wa rangi."

"Kwa hiyo unauza."

"Naulizia bei. Kuulizia si kuuza."

"Mama akiogopa kukaa peke yake, kuuza kunakuwa rahisi. Ufunguo unao. Jumatatu na Alhamisi unakuwa wapi?"

Fundi alicheka, lakini kilikuwa kicheko kisicho na raha ndani yake. "Hapa hapa, afande. Hizo ndizo siku nilizoomba zamu ya ziada, asubuhi mpaka usiku, ili nipate za kumlipa mlezi siku zilizobaki. Kaulize mlinzi wa chini. Kaulize wale ninaowatoa kwenye lifti wakikwama."

"Zamani siku hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napita kwa mama jioni. Tunakunywa chai."

Gurudumu lilizunguka. Inspekta alingoja lisimame.

"Usinione mtu mbaya," fundi alisema. "Mlezi kapanda. Dawa zimepanda. Daktari haji nyumbani mpaka umlipe na nauli. Anayembebea maji, maana bomba halifiki ghorofa ya tatu, naye kapanda. Vyuma vya kushikilia bafuni nilifunga mwenyewe, lakini vyuma vyenyewe sikuokota. Kila kitu kinapanda, afande, isipokuwa mama. Mimi maisha yangu yote napandisha na kushusha watu wazima wenye miguu yao, na mama yangu hajakanyaga chini tangu mwaka jana."

"Umchukue kwako."

"Kwangu ni vyumba viwili na watu sita. Nimemwambia, kakataa. Kasema pale atatoka amebebwa." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nimeandikisha jina lake kwenye makao ya wazee. Hajui. Kama shida ni mwizi tu, mwizi akafungwa, namwacha akae, natafuta mlezi mwingine wa bei nafuu. Lakini siku nitakayojua hajiwezi tena peke yake, siku hiyo hiyo namhamisha. Sitaki nije nimkute sakafuni keshapoa."

"Kukamatwa kwa mlezi umemwambia?"

"Nimemwambia kasafiri, kafiwa. Nimwambie nini? Anampenda kuliko mimi."

Mlinzi wa chini alithibitisha zamu zote, na kuongeza kwamba fundi hula chakula chake kule juu, peke yake, kwa sababu lifti hazina adabu ya kungoja mtu ashibe. Inspekta alimshukuru. Mwana alikuwa ametoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na orodha yenyewe ilikuwa fupi tangu mwanzo. Alisimama kidogo nje ya jengo akijaribu kuipanga kesi upya. Walikuwa wamehangaika na aliyeingia. Walihesabu funguo za nje. Hakuna aliyejisumbua kumhesabu mtu asiyehitaji ufunguo kwa sababu hatoki kabisa.

Leo ilikuwa Alhamisi. Inspekta aliongeza mwendo.

Ngazi za jengo la Bi Mkubwa zilikuwa nyembamba, zenye vidato vilivyolika katikati. Ghorofa ya pili Inspekta alipumzika, na alikuwa bado hajafikisha miaka hamsini. Kwenye milango hakukuwa na sauti ya mtu, maana wakazi wote walikuwa makazini. Juu kabisa, mlango ulikuwa wazi.

"Mmewahi leo!" sauti iliita kutoka ndani. "Simu ndiyo kwanza nimekata."

Inspekta hakuwa amepokea simu yoyote. Aliingia.

Kabati la chumbani lilikuwa limeachama. Mablanketi, mashuka na masweta ya rafu ya juu yalikuwa yametapakaa sakafuni, mengine juu ya kitanda. Katikati ya vurugu hiyo, kwenye kiti cha mbao, alikaa mwanamke mzee mwembamba aliyevaa gauni lililopigwa pasi na kuchana nywele zake vizuri. Mkongojo ulikuwa mapajani. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe vitatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe sikujui. Wale vijana wangu wako wapi?"

"Wanakuja. Mimi ni mkubwa wao."

"Vizuri. Mwizi kaja tena. Safari hii alikuwa mnene."

Inspekta hakuandika. Alizunguka chumbani, akainama penye mablanketi, akaangalia rafu tupu, kisha ncha ya mkongojo, ambapo uzi wa sweta ulikuwa umenasa. Akavuta kiti kingine, akakaa uso kwa uso na Bi Mkubwa.

"Mama, huyu mwizi wako ana tabia ya ajabu. Godoro analishusha. Pazia analishusha. Mtungi anauviringisha kwa mguu. Nguo anazivuta kutoka juu. Kushusha anaweza, kupandisha hawezi. Na kila akimaliza, kinachobaki kufanywa ni kile ambacho mlezi angekifanya siku hiyo. Hata pazia alichagua lile ambalo zamu yake ilikuwa imefika."

"Wezi siku hizi wana akili."

"Mama."

Bi Mkubwa aliupapasa mkongojo, akaukuta ule uzi, akaanza kuutoa kwa ukucha.

"Mlezi wako hakusafiri," Inspekta alisema. "Hajafiwa. Yuko mahabusu kituoni kwetu tangu juzi. Wanasema ni yeye anayeingia humu."

Mkono ulisimama. Bi Mkubwa akaibana midomo kwa vidole.

"Nani anasema?"

"Mwanao. Lakini usimlaumu, hakuwa na njia ya kujua. Mimi mwenyewe jana nilisema hivyo hivyo."

"Na yeye kasema nini?"

"Nadhani amejua ni wewe tangu asubuhi, nilipomtajia pazia. Amekaa kimya. Alichouliza ni kama umekunywa dawa ya presha."

"Nimekunywa," Bi Mkubwa alisema haraka, kama mtoto anayejitetea, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Aliyafuta kwa kiganja akakasirika nayo. "Mjinga yule. Kwa nini hakusema?"

"Kwa nini wewe hukusema, mama? Ungemwomba jirani."

"Jirani ukimwomba mara moja anakuja. Mara ya pili anakuja anaangalia saa. Mara ya tatu unamsikia anapita mlangoni kwa kunyata." Alivuta pumzi. "Mimi nilikuwa msimamizi wa dobi hospitali, mwanangu. Miaka yangu yote. Godoro lisilogeuzwa lilikuwa aibu ya wodi nzima. Mapazia kwa zamu, mablanketi kwa zamu. Mlezi nilimfundisha mimi, na anafuata. Waliponikatia siku, nilijikaza. Nikajaribu kuligeuza mwenyewe, likaniponyoka, likaanguka na mimi nikaanguka nalo. Nilikaa pale chini mpaka nikachoka kulia. Nikaivuta simu kwa waya. Nikamwambia mwanangu nimeanguka? Angenihamisha siku hiyo hiyo. Nikapiga polisi, nikasema mwizi."

"Hiyo ya kwanza. Na zilizofuata?"

Bi Mkubwa alitazama vikombe.

"Walikaa," alisema. "Yule mwembamba anaandika polepole, anauliza spelingi. Alinihadithia habari za mkewe mpaka chai ikapoa. Mwenzake anaimba akifua. Wewe hujui, mwanangu. Jumatatu nikisema neno asubuhi, hakuna wa kunijibu mpaka Jumanne. Redio naijua mpaka matangazo ya vifo. Walipokuja wale vijana niliona raha. Nisamehe, lakini niliona raha, na siku ya pili yake nikaanza kungoja Alhamisi."

Inspekta alikuwa na hotuba kuhusu taarifa za uongo kwa polisi. Aliijua kwa moyo na alishawahi kuwatoa watu jasho nayo. Aliiacha ilale.

"Nitakueleza mambo yalivyo," alisema, "halafu utaamua. Kesho asubuhi mlezi anapanda kizimbani. Hata nikimwambia Mkuu kwamba leo vitu vimepinduliwa na yeye yuko ndani, atasema alimpa mtu ufunguo. Hatoki bila maelezo yako. Ukiyatoa, mwanao atayasoma. Na mwanao ameapa kwamba akijua hujiwezi peke yako, anakuhamisha. Jina lako liko makao ya wazee."

"Na yule fundi wa rangi hakuwa fundi wa rangi."

"Ulijua?"

"Alipima madirisha kwa hatua. Kuta hakuzitazama." Aliugusa tena mkongojo. "Na nikikaa kimya?"

"Ukikaa kimya, mlezi anafungwa kama mwizi, mwanao anatulia, analeta mlezi wa bei nafuu. Wewe unabaki humu."

"Na haya ya leo?"

"Tunarudisha nguo kabatini. Unasema simu ulipiga kwa makosa."

Bi Mkubwa aligeuza kichwa taratibu, akakitazama chumba. Alitazama kitanda alicholalia mumewe mgonjwa mpaka mwisho, vyuma vya bafuni vilivyoonekana kupitia mlango ulio nusu wazi, pazia safi la sebuleni lililotundikwa upande na askari wasiojua kazi. Inspekta hakumharakisha. Alitamani, kwa mara ya kwanza katika kazi hii, asiwe amegundua kitu.

"Analala wapi?" Bi Mkubwa aliuliza. "Huko kwenu."

"Sakafuni, mama. Kuna mkeka."

"Ana mgongo mbovu yule. Mgongo kaupatia kwangu." Aliuweka mkongojo ukutani, akajiweka sawa kwenye kiti. "Toa kalamu."

Inspekta alitoa karatasi za maelezo. Alianza kama anavyoanza kwa kila mtu, maana hakuna njia nyingine ya kuanza. Jina. Umri. Kazi.

"Mstaafu," Bi Mkubwa alisema. "Ongeza dobi. Msimamizi wa dobi."

Inspekta aliongeza.

"Makazi?"

Inspekta aliinua macho, akamwona Bi Mkubwa ameshika kingo za kiti kwa mikono yote miwili.

"Makazi, mama?"

"Andika hapa," alisema. "Mpaka sasa ni hapa."

Maelezo yaliyobaki yalikwenda bila kusita. Alitaja godoro, pazia, mtungi na kabati, kila kimoja kwa siku yake, na mwisho akasema kwa sauti ya kusimamia wodi kwamba mlezi wake hana kosa lolote na aandikwe hivyo. Aliweka sahihi kwa mwandiko mzuri wa zamani. Inspekta alisimama dirishani akapiga simu kituoni, akaagiza mlezi asipelekwe popote mpaka afike. Akapiga nyingine, kwa fundi wa lifti, na hiyo ilikuwa fupi zaidi. Upande wa pili hakusikia kitu isipokuwa gurudumu likizunguka, kisha fundi akasema anakuja.

"Kasemaje?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Anakuja."

"Alhamisi," Bi Mkubwa alisema. "Siku hizi Alhamisi huwa haji."

Chini kabisa kwenye ngazi zikasikika buti za watu wawili, zikipanda kwa haraka, na sauti ya mmoja akiimba. Bi Mkubwa alijifuta uso kwa pindo la gauni, akazishika nywele zake, akavigeuza vikombe vikakaa sawa.

"Hao ni wangu," alisema. Akaushika mkono wa Inspekta uliokuwa na karatasi. "Usiwaambie sasa hivi, mwanangu. Waache kwanza wakae kidogo."